Namna ya kutazama maua ya mwanzo wa majira ya kuchipua katika korongo la mto Columbia

Mwishoni mwa Februari, wakati vilele vya milima ya Cascade vingali vimefunikwa na theluji na wakazi wa Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, hawajathubutu kuyavua makoti yao ya mvua, kuna miteremko upande wa mashariki, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, ambayo tayari imeanza kutoa maua. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili katika mji huu, tuliotoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, tunalijua korongo la mto Columbia kwa maporomoko ya Multnomah peke yake: tunafika, tunapiga picha, tunanunua kahawa, tunarudi nyumbani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kuendelea mbele ya hapo, na kwenda mapema kuliko umati, kwa sababu wanaosubiri hadi Mei huikuta milima imejaa rangi ya manjano na kurudi wameridhika, bila kujua kwamba maua ya kwanza yalikwisha kutoa mbegu na kutoweka wiki nyingi kabla yao.

Hatua ya kwanza: Ifahamu ardhi kabla ya kuyatafuta maua

Korongo hili lina urefu wa takriban kilomita 130. Mto umelichimba katikati ya milima ya Cascade, jimbo la Washington likiwa ukingo wa kaskazini na Oregon ukingo wa kusini, na mahali penye kina kikubwa kuta zake hufikia mita 1,200. Tangu mwaka 1986 eneo lote linalindwa kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani. Kinachomhusu zaidi mtafuta maua, hata hivyo, ni mvua. Mawingu ya Bahari ya Pasifiki huyamwaga maji yake upande wa magharibi, kiasi kwamba mji mdogo wa Cascade Locks hupata zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka, ilhali The Dalles, ulio umbali wa kilomita 65 hivi kuelekea mashariki, hupata chini ya milimita 400. Aliyewahi kuuzunguka mlima Kilimanjaro, akaiacha migomba ya Machame na kutokea kwenye vumbi la Amboseli, ameshaliona jambo hili kwa macho yake.

Mwamba wa hapa ni basalti, yaani lava iliyomiminika na kuganda tabaka juu ya tabaka, sehemu kubwa yake miaka milioni 16 hivi iliyopita. Juu yake palikuwa na udongo wa kutosha, lakini kati ya miaka 18,000 na 15,000 hivi iliyopita ukuta wa barafu uliokuwa ukilizuia ziwa la Missoula, katika eneo ambalo leo ni la majimbo ya Montana na Idaho, ulivunjika, ukajijenga upya, ukavunjika tena, mara nyingi. Kila ulipovunjika, maji yalipita katika korongo hili, na katika mafuriko makubwa zaidi yalifikia kimo cha mita 300 hivi mahali ulipo mji wa The Dalles, yakaukwangua udongo mpaka yakafika kwenye mwamba. Mwanajiolojia J Harlen Bretz alipoyaeleza mafuriko hayo mwaka 1923, wenzake walimpinga kwa miongo kadhaa. Alipotunukiwa nishani ya Penrose, heshima kubwa katika jiolojia, mwaka 1979 alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 95.

Nimeyataja mafuriko hayo kwa sababu ndiyo yaliyoamua ni maua gani utakayoyaona. Sehemu nyingi za upande wa mashariki zina udongo wenye kina cha vidole viwili au vitatu tu juu ya mwamba. Udongo huo hulowa chepechepe kuanzia Februari hadi Aprili, na ifikapo Juni huwa mkavu kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Mmea unaoishi hapo una njia mbili: ama uwe mdogo, uchanue upesi na kumaliza kazi yake maji yangalipo, ama upenyeze mzizi mrefu ndani ya nyufa za mwamba na kuishi kwa akiba. Ukilielewa jambo hili, utajua kwa nini hatua zinazofuata zinasisitiza sana unyevu, jua na mwinuko.

Hatua ya pili: Chagua wiki kwa kuusoma mteremko, wala si kalenda

Swali ambalo kila mtu huuliza ni tarehe, na jibu la tarehe moja halipo. Mwaka wangu wa kwanza nilimsikiliza mtu aliyeniambia kwamba "msimu wa maua ni Aprili", nikaenda tarehe 20 Aprili kulitafuta ua la zambarau nililokuwa nimeliona pichani, nikaikuta miche iliyonyauka yenye vidonge vya mbegu tu. Hakuwa amekosea kabisa, kwa kuwa Aprili ina maua tele, lakini si hayo niliyoyataka.

Zipo kanuni tatu zinazofaa kukumbukwa. Ya kwanza ni kwamba mteremko unaotazama kusini hupata jua zaidi na hutangulia, na kwa kuwa mto unatiririka kutoka mashariki kwenda magharibi, miteremko hiyo iko zaidi upande wa Washington. Ya pili ni kwamba maua huanzia chini karibu na mto na kupanda mlima kadiri siku zinavyokwenda. Mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Andrew Hopkins, aliandika mwaka 1918 kwamba kwa kila mita 120 hivi unazopanda, majira ya kuchipua huchelewa kwa siku 4. Hayo ni makadirio tu, lakini hesabu yake inafanya kazi vizuri hapa: kilele cha Dog Mountain kina mwinuko wa mita 900 hivi, kwa hiyo maua yaliyochanua karibu na mto katikati ya Aprili huwa yanachanua kileleni katikati ya Mei. Ya tatu ni kwamba upande wa mashariki, wenye jua jingi na mvua kidogo, hutangulia upande wa magharibi wenye misitu.

Kwa kanuni hizo, anayetaka maua ya kwanza kabisa aende kati ya mwisho wa Februari na wiki ya tatu ya Machi, mahali pa chini, upande wa Washington. Anayetaka wingi wa rangi aende kati ya wiki ya pili ya Aprili na mwanzo wa Mei, bado mashariki. Aliyechelewa asikate tamaa wala asirudi nyumbani, apande juu.

Hatua ya tatu: Chagua mahali

Kwa safari ya kwanza ninapendekeza Catherine Creek bila kusita. Kutoka Portland fuata barabara kuu ya 84 hadi mji wa Hood River, vuka daraja la kulipia kwenda upande wa Washington, pita mji wa Bingen, kisha uelekee mashariki kwa barabara ya 14 mpaka ziwa la Rowland, ambapo unakata kushoto na kuingia barabara ya zamani inayoitwa Old Highway 8. Kusini mwa barabara hiyo kuna njia ya lami ya takriban kilomita 2 inayopitika kwa kigari cha mtoto na kwa kiti cha magurudumu, na kwa bahati njema hiyo hiyo njia rahisi ndiyo inayopita katikati ya maua ya Machi. Kaskazini mwa barabara kuna njia za kupanda mlima kwa wenye miguu ya kazi. Asiyependa kulipia daraja anaweza kwenda mpaka The Dalles, avuke kwa daraja lisilo na malipo na kurudi magharibi, ingawa mafuta atakayoyachoma huenda yakazidi alichokiokoa.

Upande wa Oregon, kati ya Mosier na The Dalles, kuna uwanda wa Rowena, ambako barabara ya kale inajizungusha kama kamba iliyotupwa chini. Hifadhi iliyopo hapo imepewa jina la Tom McCall, aliyekuwa gavana wa Oregon kuanzia mwaka 1967 hadi 1975. Mbwa hawaruhusiwi, na njia ya kupanda juu kwa kawaida hufungwa majira ya baridi, lakini ile ya uwandani ni tambarare na ina madimbwi yanayopendeza mwezi wa Aprili. Mashariki zaidi, upande wa Washington, bustani ya jimbo ya Columbia Hills ina malisho ya zamani ambayo hufunikwa na maua katika nusu ya pili ya Aprili; huko unahitaji kibali cha maegesho cha jimbo, kinachoitwa Discover Pass. Dog Mountain iachie Mei, na ukumbuke kwamba siku za mwisho wa wiki katika kilele cha msimu hutakiwa kibali kinachochukuliwa mapema mtandaoni.

Popote uendapo mwezi wa Aprili siku ya Jumamosi au Jumapili, fika kabla ya saa tatu asubuhi, la sivyo utazunguka ukitafuta pa kuegesha gari mpaka hamu ya maua ikuishe.

Hatua ya nne: Vaa kwa ajili ya upepo, na umjue adui asiye na majani

Korongo hili ndilo pengo linalopitisha hewa kati ya pande mbili za milima, kwa hiyo upepo wake ni mkali, na Hood River imejijengea jina kwa michezo ya matanga kwa sababu hiyo hiyo. Koti lisilopitisha upepo ni muhimu kuliko sweta nene. Vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi, viatu vyenye meno, na uchukue maji yako kutoka nyumbani.

Jambo la kushughulikia kwa makini ni mmea ambao wanasayansi wanauita Toxicodendron diversilobum. Ni kichaka au mtambazi wenye majani matatu matatu, na utomvu wake huleta mwasho na malengelenge yanayoweza kudumu wiki mbili au zaidi. Sisi tumezoea upupu, unaowasha papo hapo na kumwonya mtu aondoke. Huu hausemi kitu siku ile, na vipele hutokea siku moja au mbili baadaye ukiwa umeshasahau ulipogusa. Mmea huu ni wa familia moja na mwembe na mkorosho, na mtu wa Mtwara au Lindi aliyewahi kuunguzwa na mafuta ya ganda la korosho mbichi anajua sumu ya aina hiyo inavyofanya kazi. Tena mtu ambaye ngozi yake hukataa utomvu wa embe ana sababu ya ziada ya kujihadhari. Tatizo la Februari na Machi ni kwamba majani bado hayajatoka, au ndiyo kwanza yanachomoza yakiwa mekundu na yenye kung'aa, ya kuvutia hasa, lakini vijiti vitupu vina utomvu ule ule. Kwa hiyo usishike kijiti chochote usichokijua unapotafuta pa kuegemea, na usimruhusu mtoto aokote fimbo ya kuchezea.

Kupe wapo tangu mwanzo wa msimu, hasa kwenye nyasi ndefu. Nyoka mwenye njuga mkiani huanza kuota jua siku za Aprili zenye joto. Ukisikia mlio wa kokoto ndani ya kopo, simama, utazame sauti inatoka wapi, kisha urudi nyuma polepole.

Hatua ya tano: Piga magoti

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Maua ya Machi ni madogo, na mtu anayetembea huku akiutazama mto atayapita kwa mamia na kurudi akisema hakuna kitu. Chukua kioo cha kukuza cha mara 10 na kipande cha mkeka au mfuko wa plastiki wa kupigia magoti, kwa sababu ardhi itakuwa imelowa. Simama pembeni mwa njia, chagua eneo lenye ukubwa wa meza ya chakula, ulikague taratibu.

Ua litakaloonekana la kwanza ni Olsynium douglasii. Jina lake la Kiingereza lina maana ya mjane wa nyasi, na la kitaalamu linamkumbuka David Douglas, mkusanyaji mimea wa Kiskoti aliyefika kwenye mto huu mwaka 1825 na kufa Hawaii mwaka 1834 ndani ya shimo lililochimbwa kuwategea ng'ombe mwitu. Majani yake ni membamba kama nyasi, ingawa si nyasi bali ni jamaa ya airisi. Ua lina petali sita za zambarau iliyokolea ikielekea wekundu, zenye mng'ao wa hariri, na shina lake ni laini kiasi kwamba kundi zima hulala upande mmoja upepo unapopita na kuinuka tena pamoja. Zunguka mpaka jua liwe nyuma yake. Petali huwaka kama kioo cha rangi, na mishipa myeusi inayoshuka kuelekea katikati huonekana waziwazi bila hata kioo cha kukuza.

Kwenye changarawe na kuta za kando ya barabara tafuta Lomatium columbianum, mmea usiopatikana duniani ila katika korongo hili na maeneo ya jirani. Majani yake ni ya kijivu chenye ubuluu, yaliyochanika mithili ya manyoya, na maua yake ya zambarau hukaa katika miavuli midogo. Ni jamaa ya giligilani na karoti, na miavuli hiyo ndiyo alama ya ukoo. Ndugu yake mdogo, Lomatium gormanii, ana kimo cha kidole tu, maua meupe yenye nukta za zambarau iliyoiva karibu kuwa nyeusi, na wenyeji wamempa jina la chumvi na pilipili. Nukta hizo ni vichwa vya stameni vilivyobeba chavua, na hapo ndipo kioo chako kitakapolipa gharama yake.

Crocidium multicaule ni nyota ya manjano yenye upana wa sentimita 2 hivi, na huota kwa maelfu mpaka mteremko ukaonekana kama umepakwa bizari. Ukitaka uhakika, tazama kwapa la jani, pale linapoungana na shina: utakuta kishungi cha pamba nyeupe. Fritillaria pudica ni kengele moja ya manjano inayoning'inia kichwa chini. Inapozeeka hubadilika kuwa ya rangi ya chungwa na hatimaye ya tofali, kwa hiyo usidhani umeona aina mbili. Umeona umri mbili. Na pale maji yanapochuruzika juu ya mwamba wenye utando wa kijani wa mimea midogo, tafuta kiua cha manjano chenye mdomo wa chini uliotiwa doa moja la rangi ya kahawia nyekundu, kama kidole kilichogusa rangi ya mkwaju. Hicho ni Erythranthe alsinoides.

Maua makubwa ya Aprili hayahitaji maelezo marefu. Balsamorhiza inafanana na alizeti fupi yenye majani ya umbo la kichwa cha mshale, na mzizi wake ndio ule unaopenya nyufa za mwamba. Lupini, ya buluu na zambarau, ni ya jamii ya maharage, na asubuhi baada ya mvua kila jani lake lenye vidole hushikilia tone moja la maji katikati ya kiganja. Anayepiga picha asubiri upepo upumue, apunguze muda wa lenzi kuwa wazi, na ashushe kamera mpaka usawa wa ua. Picha iliyopigwa kutoka juu ya kichwa cha mtu aliyesimama huonyesha udongo zaidi ya ua.

Hatua ya sita: Usichume, na hasa usichimbe

Kukaa kwenye njia si adabu tu. Utando wa kijani na udongo mwembamba ulio juu ya mwamba ukikanyagwa wakati umelowa hung'oka kama ngozi ya maziwa, na hauwezi kurudi kwa msimu mmoja.

Kuhusu kuchimba kuna sababu mbili nzito. Mizizi ya Lomatium na vitunguu vya Camassia, ua la buluu la Aprili, ni chakula cha asili cha wenyeji wa mto huu tangu zama za kale. Mikataba ya mwaka 1855 iliyowahusu watu wa Yakama, Umatilla, Nez Perce na Warm Springs iliwahifadhia haki ya kukusanya mizizi, na wengi wao bado hufanya karamu ya mizizi kila majira ya kuchipua kabla ya mtu yeyote kuanza kuila. Mgeni anayechimba kwa udadisi anaingia shambani mwa watu. Sababu ya pili ni Toxicoscordion venenosum, mmea wenye maua ya rangi ya maziwa ambao huota mahali pamoja na Camassia, na ambao kitunguu chake hufanana sana na cha Camassia. Sehemu zake zote zina sumu, inaua ng'ombe na kondoo, na inaweza kumwua mtu.

Hatua ya saba: Kabla ya kuingia nyumbani

Nawa mikono na miguu kwa sabuni na maji baridi mapema iwezekanavyo, kwa sababu utomvu wa ule mmea wa mwasho huzama ngozini katika dakika chache. Nguo za siku hiyo zifuliwe peke yake, na viatu vifutwe pamoja na kamba zake, kwani utomvu uliokaukia kwenye kiatu unaweza kukuwasha hata baada ya wiki kadhaa. Kisha kagua kupe nyuma ya magoti, kiunoni, makwapani, nyuma ya masikio na kwenye nywele za watoto. Ukimkuta amejishikiza, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha, wala usimpake mafuta au kumchoma moto. Andika tarehe uliyomtoa, na juu ya ukurasa huo huo andika maua uliyoyaona, mahali na mwinuko wake, maana mwakani utauhitaji.